Jeti za bao la povu: Senti 25 dukani, mzigo mzito forodhani

Mwishoni mwa mwaka 2021, kampuni ya maduka ya Dollar Tree ya Marekani ilitangaza kwamba bidhaa ilizokuwa ikiziuza kwa dola moja tangu mwaka 1986 zingepanda hadi dola 1.25. Miongoni mwa walionung'unika walikuwamo wateja ambao hawakuwa wakifuata sahani wala sabuni. Hao walikuwa wanunuzi wa bao la povu, ambalo hulikata kwa wembe, kulikunja na kulibandika kwa gundi hadi linakuwa ndege ya kivita yenye urefu unaokaribia mita moja, inayoruka kwa umeme na kuongozwa kwa redio kutoka chini.

Mei 2, 2025, serikali ya nchi hiyo ilifunga mlango wa forodha uliokuwa ukipitisha vifurushi vidogo kutoka China na Hong Kong bila ushuru. Hatua hii haikuwalenga warushaji wa ndege za kuchezea, lakini iliwafikia. Ukipiga hesabu, hii ya pili ndiyo iliyoitikisa biashara yao. Ile senti 25 ilikuwa kelele tu.

Kwa msomaji mwenye ekari tatu za mahindi Mbozi au kibanda cha vipuri Mwanjelwa, habari za watu wa Ohio wanaorusha jeti za povu siku ya Jumamosi zinaweza kuonekana kuwa anasa ya wenye nafasi. Ni anasa kweli. Hata hivyo, mota, betri na vidhibiti vya umeme vinavyorusha jeti hizo ni wa ukoo mmoja na vile vinavyorusha droni za kunyunyizia dawa mashambani, na kwa sehemu kubwa hutoka nchi ileile. Kinachowapata wale ni dalili mapema ya kinachoweza kumpata mkulima anayeanza kufikiria kununua au kukodi mashine ya namna hiyo.

Bao, wembe na gundi

Bao linalozungumziwa hapa wachora mabango wa mijini wanalijua. Ni povu jepesi jeupe lenye unene wa milimita 5 hivi, lililobanwa katikati ya karatasi mbili. Lile la Dollar Tree lina upana wa sentimita 51 na urefu wa sentimita 76, na linatengenezwa Marekani kwenyewe. Karatasi zake ni nyembamba kuliko za mabao ya gharama, na hilo, ambalo mchora mabango angeliona kuwa kasoro, ndilo mrushaji analolitaka, kwa sababu kila gramu inayopungua ni umeme unaobaki kwenye betri.

Ujenzi wenyewe hauhitaji karakana. Fundi huchapisha ramani kwenye karatasi, huiweka juu ya bao na kufuatisha mistari kwa wembe. Panapotakiwa kukunjwa, hukata karatasi ya upande mmoja na povu lake, akaiacha ile ya upande wa pili iwe bawaba. Ukingo wa bawa hukunjwa hivyo, na sehemu ya nyuma ya bawa inayopanda na kushuka ili kuigeuza ndege hufanywa vivyo hivyo. Kisha huja gundi ya moto, ile ya vijiti vinavyoyeyushwa na bunduki ya umeme. Mtu aliyezoea humaliza mwili wa ndege kwa siku moja au mbili za mapumziko.

Jeti moja ya kawaida hula mabao matatu au manne. Kwa bei ya zamani mabao matatu yalikuwa dola 3. Kwa bei mpya ni dola 3.75. Nyongeza yote ni senti 75.

Adui mkubwa wa bao hili ni maji. Umande wa asubuhi unatosha kuibandua karatasi kutoka kwenye povu, na ndege iliyoachwa kwenye majani mabichi kwa nusu saa hulegea kama boksi la nyanya lililonyeshewa. Wapo wanaopaka vanishi, na wapo wanaonunua mabao ya bei ya juu yenye karatasi inayostahimili unyevu. Wengi huacha tu, wakijua kwamba ndege ikiharibika watakata nyingine.

Na hapo ndipo ilipo siri ya uchumi wa bao hili. Ndege za jeti zilizofinyangwa kiwandani kwa povu la kisasa huuzwa kwa mamia ya dola, na anayeanza huiangusha ya kwanza karibu kila mara. Kabla ya povu kuenea, ndege za aina hii zilijengwa kwa mbao nyepesi za balsa, kazi ya wiki nyingi ambayo inaweza kumalizwa na sekunde mbili za kukosea. Bao la dola moja halikuifanya ndege iruke vizuri zaidi. Lilipunguza bei ya kuanguka, na bei ya kuanguka ilipopungua, walioogopa kujaribu walijaribu.

Feni inayokula umeme

Kinachoipa jeti hii sura na sauti ya jeti ni feni iliyofungwa ndani ya bomba. Ndege halisi ya kivita huchoma mafuta. Hii ya povu ina mota ya umeme inayozungusha feni ndogo yenye mapanga mengi ndani ya mfereji wa mviringo tumboni mwa ndege. Hewa huingia kwa mbele au pembeni na kutoka nyuma kwa kasi. Vipimo vinavyopatikana sana sokoni ni feni za kipenyo cha milimita 50, 64, 70 na 90.

Chukua ile ya milimita 64 inayotumia betri ya lithiamu ya seli nne. Kila seli ina volti 3.7, hivyo betri nzima ni volti 14.8. Ikiwa feni inavuta ampea 40, matumizi yanakaribia wati 600, ambayo ni zaidi ya robo tatu ya nguvu farasi moja. Kwa umeme wote huo, msukumo unaopatikana ni wa kilo moja hivi, pungufu kidogo au zaidi kidogo kutegemea ubora wa feni. Betri ya kawaida ya ampea-saa 2.2 ikivutwa kwa kasi hiyo humalizika kwa dakika 3 na sekunde 18. Mrushaji anayejua kupunguza moto hewani anaweza kufika dakika nne au tano, lakini hapo lazima awe ameshaanza kufikiria kutua.

Pangaboi la wazi, lile linaloonekana puani mwa ndege ndogo, lingetoa msukumo mara mbili au zaidi kwa umeme uleule. Sababu yake anaielewa kila aliyewahi kumwagilia kwa pampu. Kupeleka maji mengi polepole kwenye bomba pana kunakula mafuta kidogo kuliko kulazimisha maji machache yapite kwa kasi kwenye bomba jembamba. Msukumo unapatikana kwa kuzidisha wingi wa hewa na kasi inayoongezwa, lakini nishati inayoliwa hupanda kwa mraba wa kasi hiyo. Feni ya bomba hushika hewa kidogo na kuirusha kwa kasi kubwa. Pangaboi hushika hewa nyingi na kuisukuma taratibu.

Ndiyo maana mashine za angani zinazofanya kazi ya kuingiza fedha hazijengwi hivi. Droni ya kunyunyizia ya DJI aina ya Agras T40, yenye tangi la lita 40, inabebwa na mapangaboi ya wazi ambayo kila moja ni refu kuliko mabao mawili ya Dollar Tree yaliyounganishwa kwa upana. Ndege ya eBee iliyotumika kupiga picha za ramani ya Unguja na Pemba katika mradi ulioanza mwaka 2016 chini ya Kamisheni ya Ardhi Zanzibar nayo ina mwili wa povu, lakini nyuma yake kuna pangaboi. Ndege za Zipline zinazopeleka damu hospitalini Rwanda tangu mwaka huohuo ni za pangaboi pia. Feni ya bomba inanunuliwa kwa sababu ya mlio wake na kwa sababu ndege haionekani kuwa na panga puani. Mlio huo ni wa gharama, na wanaoulipia wanajua hivyo.

Upo ugumu mwingine unaomgusa mfukoni anayeanza. Pangaboi la mbele hupuliza hewa juu ya mabawa na mkia, hivyo hata ndege ikiwa taratibu usukani unaitikia. Kwenye feni ya bomba hewa yote inatoka nyuma, na mkia unategemea mwendo wa ndege peke yake. Aidha, feni huchukua muda kidogo kufikia kasi yake baada ya mrushaji kuongeza moto. Anayerusha jeti yake kwa mkono bila kuisukuma vya kutosha huishuhudia ikizama mbele ya miguu yake. Feni ikigusa ardhi hufyonza majani na mchanga, na mapanga yake ya plastiki hupasuka.

Ramani ya bure

Waliochangia sana kulieneza bao la povu ni kampuni ya Flite Test, iliyoanza mwaka 2010 katika jimbo la Ohio. Kampuni hiyo iliamua jambo ambalo mfanyabiashara wa kawaida angelipinga: ilizitoa ramani zake bure, pamoja na video zinazoonyesha kila mkato. Mwenye wembe na printa hakuhitaji kulipa chochote.

Ilichouza ni mabao yaliyokwisha kukatwa kwa mashine ya leza, kwa ajili ya wale wasio na muda au mkono wa kukata, pamoja na mota, betri na vifaa vingine. Ilibuni pia utaratibu wa kuiweka mota kwenye kiboksi kinachochomolewa, ili mtu mwenye seti moja ya umeme aihamishe kutoka ndege moja kwenda nyingine. Kwa haraka mtu angesema kampuni ilikuwa inajinyima mauzo, kwa kuwa mteja wa ndege tano angeweza kununua mota moja badala ya tano. Lakini mteja ambaye angetakiwa kununua mota tano asingefika hata kwenye ndege ya pili.

Wauza mbegu wanaogawa mifuko midogo ya majaribio wanaufahamu mtindo huu. Tofauti ni kwamba hapa kinachogawiwa ni maarifa, ambayo hayapungui ghalani.

Mfumo mzima, hata hivyo, ulisimama juu ya miguu miwili isiyolingana. Mguu mmoja ulikuwa bao la bei chee linalotengenezwa nyumbani. Wa pili ulikuwa vifaa vya umeme ambavyo kwa sehemu kubwa sana hutoka China. Kwa miaka mingi mguu huo wa pili nao ulikuwa wa bei chee, kiasi kwamba wachache waliuangalia.

Mlango wa vifurushi

Tangu mwaka 2016, sheria ya Marekani iliruhusu kifurushi chenye thamani isiyozidi dola 800 kuingia bila ushuru. Katika mwaka wa fedha 2024 vifurushi vya namna hiyo vilizidi bilioni 1.3. Mrushaji wa Ohio aliweza kuagiza vimota vinne vya kugeuzia mabawa moja kwa moja kutoka Shenzhen, vikamfikia mlangoni bila kupita kwa muuza duka wa mjini kwake.

Aprili 2025 ushuru wa jumla wa Marekani kwa bidhaa nyingi za China ulipandishwa hadi asilimia 145. Katikati ya Mei, baada ya mazungumzo ya Geneva, ulishushwa hadi asilimia 30 kwa muda. Viwango vimeendelea kubadilika tangu hapo, na kufikia Agosti 29, 2025 msamaha wa vifurushi vidogo ulikuwa umeondolewa kwa nchi zote. Kwa vifurushi vya posta kutoka China, utaratibu wa katikati ya Mei 2025 ulikuwa ama asilimia 54 ya thamani, ama dola 100 kwa kila kifurushi, kutegemea njia ambayo msafirishaji ameichagua. Posta ya Hong Kong ilikuwa imeshaacha kupokea vifurushi vya bidhaa vya kwenda Marekani tangu Aprili.

Fikiria kifurushi cha vimota vya dola 12 kinachodaiwa dola 100. Hakuna mtu anayekilipia. Biashara hiyo haipandi bei, inakufa.

Walioponea ni waagizaji wakubwa. Tuseme seti ya feni, mota, kidhibiti na betri inauzwa rejareja dola 100, na mwagizaji wa jumla huinunua kiwandani kwa dola 60. Kwa ushuru wa asilimia 30 mwagizaji analipa dola 18. Mnunuzi wa kifurushi aliyelipia dola 100 kwa kiwango cha asilimia 54 analipa dola 54. Ushuru hukatwa kwenye bei ya ankara, na mwenye kununua kwa jumla ana ankara ndogo. Kwa maneno mengine, hatua iliyotangazwa kuwa ni dhidi ya wauzaji wa nje iliwapa pumzi wenye maduka wa ndani waliokuwa wakibanwa na vifurushi.

Pumzi hiyo haikuwa bila masharti. Mzigo wa meli kutoka China huchukua wiki kadhaa baharini. Mwenye kontena lililopakiwa ushuru ukiwa wa kiwango kimoja aliweza kulipokea ukiwa wa kingine, na kati ya Aprili na Mei 2025 tofauti ya viwango hivyo ilikuwa kubwa kuliko faida ya mwaka mzima. Mwenye mtaji wa kungoja aliweza kuuacha mzigo kwenye ghala la forodha. Asiye na mtaji alilipa au aliuacha. Njia ya kujihami ni ile ambayo Kariakoo imeifahamu muda mrefu: watu kadhaa kuchangia kontena na kugawana gharama na hatari.

Kuhusu betri, sheria za usafiri zilikuwa zimeshamlinda mwenye duka. Tangu Aprili 1, 2016, betri za lithiamu zinazochajiwa haziruhusiwi kusafirishwa peke yake kama mzigo katika ndege za abiria, kwa hofu ya moto, na zile zinazobebwa na ndege za mizigo hazitakiwi kuwa na chaji inayozidi asilimia 30. Hivyo anayezihifadhi ndani ya nchi ana kitu ambacho kifurushi cha haraka kinashindwa kukileta.

Mgeni ndiye anayelipa

Ukichukua hesabu hizi juujuu utasema kila mrushaji ameongezewa mzigo sawa. Sivyo.

Seti ya umeme haivunjiki na mwili wa ndege. Jeti ikianguka, povu hupondeka na kunyonya nguvu ya mshindo, na mara nyingi mota na kidhibiti hutoka salama. Mzoefu mwenye seti ya dola 100 aliyoipitisha katika miili mitano ya povu ametumia dola 20 za umeme kwa kila ndege. Akiongezewa dola 30 za ushuru, nyongeza yake ni dola 6 kwa ndege. Akifikisha miili kumi ni dola 3. Tena huyu ana betri za zamani, ana rimoti tayari, na anajua nani anauza feni iliyotumika.

Mgeni hana mwili wa pili wa kugawia. Anakutana na dola zote 30 siku ya kwanza, kabla hajajua kama mchezo huu utampendeza. Na bado hajanunua rimoti wala chaja. Kwake yeye, bao la dola 1.25 halibadilishi kitu. Bei ya kuanguka imebaki chini, bei ya kuingia imepanda.

Kwa muuzaji hili ni baya kuliko linavyoonekana kwenye daftari la mwezi. Mzoefu hanunui sana, kwa sababu anahamisha. Mauzo makubwa hutoka kwa wanaoingia. Duka linaweza kuona wateja wake wa siku zote bado wapo, wakicheka na kupiga soga kaunta, likadhani hali ni shwari, huku wale wa kuwarithi hawaji.

Wakulima wenzetu wanalijua jambo hili kwa upande wa pampu na matrekta madogo. Bei ya mashine ikipanda, mwenye nayo haumii leo. Anayeumia ni kijana ambaye angeianza kazi msimu huu.

Uwanja nao ni pembejeo

Kibali cha kuruka kimekuwa gharama ya tatu. Chini ya sheria za Marekani, ndege ya kuchezea inayozidi gramu 250 lazima mmiliki wake ajisajili kwa mamlaka ya anga, FAA. Ada ni dola 5 kwa miaka mitatu, na namba moja inatosha kwa ndege zake zote. Jeti ya feni ya milimita 64 huvuka gramu hizo kwa mbali. Upo mtihani wa bure wa usalama, na katika anga isiyodhibitiwa ukomo wa kimo ni futi 400, yaani mita 120 hivi. Hayo yote ni mepesi.

Zito ni takwa la ndege kutangaza kwa redio utambulisho wake na mahali ilipo wakati inaruka, ambalo FAA ilianza kulisimamia kikamilifu Machi 16, 2024. Ndege iliyojengwa nyumbani haina kifaa hicho, hivyo mmiliki hulazimika kununua kidude cha kubandika. Kina uzito wa gramu chache tu, lakini bei yake inazidi kwa mbali bei ya mabao yote ya mwili wa jeti. Hapa napo kuna nafuu ya kuhamisha, kwani mrushaji wa burudani anaweza kukitoa ndege moja na kukiweka nyingine.

Njia ya kukikwepa kihalali ni kuruka ndani ya eneo lililotambuliwa na FAA. Maeneo hayo huombewa na taasisi za elimu au vyama vinavyotambuliwa, kikiwamo chama cha AMA kilichoanzishwa mwaka 1936, chenye klabu zaidi ya 2,000. Kwa hatua hiyo kiwanja cha majani kilichokuwa mahali pa kukutania tu kimegeuka kuwa na thamani ya kisheria. Klabu nyingi hazimiliki viwanja zinavyorukia, hukodi, na baadhi hukodi kwa wakulima. Mwenye ekari chache za malisho karibu na mji mdogo ana kitu cha kukodisha ambacho miaka kumi iliyopita hakikuwa na bei.

Jeti za feni zina upendeleo wao kuhusu kiwanja. Magurudumu yake ni madogo na tumbo liko chini, kwa hiyo zinataka majani yaliyokatwa fupi sana au lami. Majani ya kawaida ya malisho huzikwamisha, ndipo wengi huzirusha kwa mkono au kwa kamba ya mpira na kuzitua kwa tumbo.

Kutoka jeti hadi shambani

Desemba 22, 2025, Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, iliziingiza droni zinazotengenezwa nje ya nchi hiyo, pamoja na vipuri vyake muhimu, kwenye orodha ya vifaa vinavyohesabiwa kuwa hatari kwa usalama wa taifa. Katika vipuri hivyo zimetajwa betri na mota. Uamuzi huo uligusa modeli mpya zinazohitaji idhini ya tume. Zilizokwisha kuidhinishwa hazikupigwa marufuku kutumika wala kuuzwa. Wakulima wa Marekani wanaonyunyizia kwa droni, ambao kwa sehemu kubwa hutegemea mashine za Kichina, wamejikuta katika foleni moja na warushaji wa jeti za povu, wote wakiuliza kipuri cha kesho kitatoka wapi.

China nayo haikukaa kimya. Tangu Septemba 2023 imeweka masharti ya kuuza nje baadhi ya vifaa vya droni, na Aprili 2025 ilianza kudai leseni kwa madini saba adimu na sumaku zenye madini hayo. Ndani ya kila mota ya feni kuna sumaku ndogo za neodimia. Neodimia yenyewe haikuwamo katika yale saba, lakini disprosi, inayochanganywa ili sumaku isipoteze nguvu ikipata joto, imo. Mota ya jeti inayovuta wati 600 katika bomba jembamba hupata joto jingi.

Hapa Tanzania inaingia kwa namna ambayo wengi hawaijui. Mlima Ngualla, mkoani Songwe, una akiba ya madini hayo adimu, hasa neodimia na praseodimia. Leseni maalumu ya uchimbaji ilitolewa mwaka 2023 na serikali ina hisa za asilimia 16. Mwaka 2025 kampuni ya Australia iliyokuwa na mradi huo ilinunuliwa na Shenghe Resources ya China. Kwa mpangilio huo, udongo wa Songwe utakwenda kule kunakotengenezwa sumaku, na mota zitarudi zikiwa ndani ya droni, zikilipiwa kwa dola.

Ushuru wa Marekani haukusanywi bandarini Dar es Salaam, na kwa mnunuzi wa hapa vita hii inaweza hata kuleta ahueni ya muda, kiwanda kilichokosa soko moja kikitafuta jingine. Lakini kiwanda kinachopoteza wateja wakubwa hupunguza pia aina za vipuri kinavyotengeneza, na za kwanza kuachwa ni zile za mashine za zamani. Hizo ndizo zinazofika huku zikiwa zimetumika.

Anayetaka kununua droni ya kunyunyizia, au kikundi kinachochangishana kwa ajili hiyo, aanzie kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, kwa kuwa kanuni za ndege zisizo na rubani zipo tangu mwaka 2018. Kisha amwulize muuzaji bei ya betri moja, idadi ya chaji ambazo betri hiyo hudumu kabla ya kulegea, na kama mota na mapangaboi yapo ghalani mwake nchini au huagizwa kifaa kikishaharibika. Bei ya betri igawiwe kwa idadi ya chaji, na kinachopatikana kigawiwe kwa ekari zinazonyunyiziwa kwa chaji moja. Namba hiyo iwekwe kando ya ujira wa vibarua wa bomba la mgongoni kwa ekari, kabla ya kuangalia bei ya mashine yenyewe.